Siku ya Tatu Mpe Jembe

Mstari wa tano ulisema hivi: "USIGUSE HIFADHI KABLA YA THIBITISHA." Ulikuwa umeandikwa kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari mara mbili, kwenye kijikaratasi cha njano kilichobandikwa pembeni mwa skrini ya mtunza stoo mmoja. Juu yake kulikuwa na mistari minne, chini yake miwili, yote ikieleza jinsi ya kuingiza mzigo mpya kwenye programu. Siku nane kabla ya hapo nilikuwa nimekaa nyuma ya mama huyohuyo, saa mkononi, nikiandika kwamba programu hiyo ni rahisi kujifunza.

Sikudanganya. Mara ya kwanza alitumia dakika nne kuingiza mzigo mmoja. Mara ya pili, dakika tatu na sekunde kumi. Mara ya tatu, dakika mbili na sekunde hamsini. Tulichora grafu, mstari ukateremka vizuri, wenye programu wakaridhika, ripoti ikafungwa. Nilirudi pale kwa shughuli nyingine kabisa, nikaiona karatasi. Nikamuuliza, "Mama, mbona unaandika tena, si ulikuwa unaijua?" Akacheka. "Mwanangu, mlipokuwa hapa nilikuwa naijua. Mlipoondoka na yenyewe ikaondoka."

Tangu siku hiyo siamini sana ripoti zinazosema kiolesura fulani, yaani skrini na vitufe ambavyo mtu huitumia programu kupitia kwavyo, ni rahisi kujifunza, zikiwemo zangu. Nyingi hupima mtu akiwa bado mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi wapimaji wa programu tunamkalisha mtumiaji kwenye kiti kizuri, tunampa kazi tulizozichagua wenyewe, tunamsimamia kwa saa moja, kisha tunaandika matokeo kabla jembe halijamfikia mkononi.

Kasoro inaanzia kwenye maneno yenyewe, "rahisi kujifunza". Mwaka 1993 mtaalamu Jakob Nielsen aliugawa utumikaji wa programu, yaani jinsi inavyomfaa na kumridhisha anayeitumia, katika mafungu matano: wepesi wa kujifunza, kasi ya mtu aliyekwisha kuzoea, kukumbuka baada ya kuacha kwa muda, makosa, na kuridhika. Kujifunza na kukumbuka alivitenga, na alikuwa na sababu. Kiwango cha kimataifa ISO 9241-11, kilichotoka 1998 na kurekebishwa 2018, kinaupima utumikaji kwa mambo matatu: kama mtu amefikia lengo, amelifikia kwa gharama gani, na ameridhika kiasi gani. Kujifunza hakumo katika hayo matatu. ISO/IEC 25010 ya mwaka 2011, inayohusu ubora wa programu, ilikutaja waziwazi kama tawi la utumikaji. Mwaka 2009 Tovi Grossman na wenzake wawili walipitia maandishi ya watafiti juu ya jambo hili, wakakuta kila mmoja ana maana yake na vipimo vyake. Wao wakapendekeza tutenganishe wepesi wa mwanzo, yaani mtu anavyojimudu mara anapokutana na programu, na wepesi wa kuendelea, yaani anavyozidi kuimudu kadiri siku zinavyokwenda.

Mkanganyiko huu una wanaofaidika nao. Mwenye kuuza programu akisema "rahisi kujifunza", mnunuzi husikia kwamba wafanyakazi wake watakuwa mahiri baada ya mwezi. Kilichopimwa ni kwamba watu wachache waliweza kufungua akaunti bila kupotea. Maneno ni yaleyale, bidhaa mbili tofauti.

Turudi kwenye ile grafu, maana ndipo nilipojidanganya kwa ustadi zaidi. Mwaka 1936 mhandisi wa ndege, Theodore Wright, alichapisha hesabu iliyoonyesha kwamba kila idadi ya ndege zilizotengenezwa inapoongezeka maradufu, kazi inayohitajika kwa ndege moja hushuka hadi kama asilimia 80 ya ilivyokuwa. Mwaka 1981 watafiti Allen Newell na Paul Rosenbloom walionyesha umbo hilohilo katika kazi nyingi za akili na mikono: mtu hupata nafuu kubwa mwanzoni, kisha nafuu ndogo, kisha ndogo zaidi. Uwiano wa ndege si uwiano wa vitufe, lakini hebu tuuazime tucheze nao. Anza na sekunde 240 za yule mama. Kwa asilimia 80, jaribio la pili lingekuwa sekunde 192, na la tatu sekunde 168 hivi. Yeye alipata 190 na 170.

Maana yake ni kwamba ningeweza kukadiria grafu yangu nikiwa nyumbani, bila kuiona programu, kwa hesabu za kiwanda cha ndege. Mteremko ule ulithibitisha kwamba binadamu akirudia jambo mara tatu mfululizo hulifanya haraka zaidi. Hilo lingetokea hata kwa kiolesura kibovu. Pengine lingeonekana zaidi kwa kibovu, kwa sababu anayeanza kwa kuhangaika sana ana nafasi kubwa ya kupunguza hangaiko. Nimewahi kuona ripoti inayojivunia kwamba "muda wa kazi ulipungua kwa nusu kati ya jaribio la kwanza na la tatu" kana kwamba hiyo ni sifa ya programu. Inawezekana kabisa ni shtaka dhidi ya jaribio la kwanza.

(Nikiwa hapo hapo: watu husema programu ngumu ina mkunjo mkali wa kujifunza. Kwenye grafu, mkunjo mkali unaonyesha mtu aliyejifunza upesi. Usemi umeshazoeleka kinyumenyume na sitegemei kuurudisha, lakini mpimaji asiyejua grafu yake inaelekea wapi anatia wasiwasi.)

Kuna ujanja mwingine uliojificha kwenye mstari mlaini, nao ni wastani. Mwaka 2000 Andrew Heathcote, Scott Brown na Douglas Mewhort walirudi kwenye data za mazoezi na kuzichambua mtu mmoja mmoja. Umbo maarufu la Newell na Rosenbloom lilionekana vizuri kwenye wastani, lakini kwa mtu mmoja mmoja umbo jingine lilifaa zaidi. Fikiria washiriki kumi. Kila mmoja anahangaika kwa muda, kisha ghafla anaielewa siri ya skrini, muda wake unashuka kwa kishindo. Mmoja anaelewa kwenye jaribio la pili, mwingine la tano, mwingine la saba. Ukiwajumlisha na kugawanya kwa kumi unapata mteremko wa taratibu usiomhusu hata mmoja wao. Taarifa yenye thamani ilikuwa kwenye vile vishindo: kila mmoja alielewa nini, saa ngapi, na ni kitu gani kwenye skrini kilichomfumbua macho? Wastani umezifukia zote. Kwa hiyo siku hizi naweka kila mtu na mstari wake, hata kama ukurasa unaonekana kama nyuzi zilizovurugika.

Sasa kukumbuka. Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na alichokiona kinajulikana: sehemu kubwa hupotea mapema, kisha upotevu unapunguza kasi. Alipima pia jambo ambalo sisi wa programu tungepaswa kuliiba zamani. Hakujiuliza tu "nakumbuka?". Alijifunza upya orodha ileile na kuhesabu ni juhudi kiasi gani ameokoa kulinganisha na mara ya kwanza. Kipimo hicho kinafaa kiolesura kuliko saa ninayoshika. Mwite mtu yuleyule, mpe kazi ileile baada ya pengo, uone amebakiwa na nini. Akitumia dakika nne tena, basi hakuna kilichobaki, hata kama siku ya kwanza alimaliza kwa madaha.

Pengo liwe la muda gani? Hapa sioni sababu ya kubahatisha, kazi yenyewe inajibu. Programu ya kulipa mishahara hutumika mara moja kwa mwezi, basi pengo ni mwezi. Fomu inayojazwa mara moja kwa mwaka, mtumiaji wake ni mgeni wa kudumu, na kumpima mara tatu ndani ya saa moja ni kupima maisha asiyokuwa nayo. Kinyume chake, mtu anayeshinda kutwa nzima kwenye skrini moja anaweza kuvumilia mwanzo mgumu kidogo, mradi kila siku imlipe. Siku nane za yule mama zilitokea kwa bahati, lakini zilikuwa pengo halisi: mizigo mikubwa ilikuwa ikiingia kama mara moja kwa wiki. Ningeuliza swali hilo moja kabla ya kupanga majaribio, nisingehitaji kufundishwa na karatasi.

Wenzangu hulalamika kwamba kumrudia mtu ni gharama. Ni kweli. Mshiriki anasafiri, anabadilisha namba, anachoka na sisi. Lakini wenzangu haohao hutaja kanuni ya watu watano kama kinga. Kanuni hiyo inatoka kwenye hesabu za Nielsen na Thomas Landauer za mwaka 1993: ikiwa kila mshiriki hufichua kwa wastani asilimia 31 ya kasoro, watu watano watafichua kama asilimia 85. Hiyo ni hesabu ya kutafuta kasoro. Haisemi lolote kuhusu kujifunza kwa muda. Kama bajeti ni vikao kumi, mimi nitachukua watu watano mara mbili kuliko watu kumi mara moja, na sitasumbuka kuliwaza hilo usiku.

Suala linalonichoma zaidi ni mkono wa mpimaji. Mbinu ya kumtaka mtu aseme kwa sauti anachofikiri, iliyoingizwa kwenye majaribio ya programu na Clayton Lewis wa IBM mwaka 1982, ni nzuri na naitumia. Lakini kaa nyuma ya mtu anayehangaika uone jinsi unavyomvujishia majibu. Unaegemea mbele kipanya kinapokaribia kitufe sahihi. Unaacha kuandika anapopotea. Unasema "mm-hm" kwa sauti mbili tofauti. Nilipoitazama rekodi ya kikao cha yule mama niligundua kwamba kila alipofika kwenye kitufe cha Hifadhi alisita, akanitazama, nami nikatazama chini. Kutazama chini ndiko kulikomwambia "siyo hapo". Alijifunza uso wangu. Hivyo aliposema na yenyewe ikaondoka, alisema ukweli mtupu.

Sipendekezi mpimaji ajifiche nyuma ya kioo kama mzimu. Napendekeza msaada uhesabiwe. Kila swali analouliza mshiriki, kila kudokeza kwetu, kila mtazamo, ni deni la kiolesura na liandikwe kwenye daftari pamoja na sekunde. Mtu aliyemaliza kwa dakika tatu kwa kudokezwa mara nne na aliyemaliza kwa dakika tano peke yake si sawa, na wa pili ndiye amejifunza. Tena pale mtu anapouliza "hivi nikibofya hapa nitapoteza nilichoandika?", usikimbilie kujibu. Swali hilo ni picha ya jinsi anavyoielewa mashine, nawe umeipata bure.

Kuna pia desturi ya kuwapa washiriki mafunzo ya dakika ishirini kabla ya jaribio, "ili waanze sawa". John Carroll na Mary Beth Rosson waliandika mwaka 1987 kuhusu kitendawili cha mtumiaji: watu hawataki kusoma maelekezo kwanza hata kama kusoma kungewaokolea muda, wanataka kuanza kazi. Ukiwafundisha kabla ya kuwapima umepima mwalimu. Carroll huyohuyo, pamoja na Caroline Carrithers, alikuwa ameonyesha mwaka 1984 njia nyingine: wakaifungia programu ya kuandika baadhi ya mambo yanayowapoteza wanaoanza, ikawa kama baiskeli yenye magurudumu ya pembeni. Waliojifunza kwa programu hiyo walianza kazi upesi zaidi na waliielewa vizuri zaidi. Msaada ulikuwa ndani ya mashine, kwa hiyo haukuondoka na mtu yeyote.

Neno jingine linaloharibu ripoti ni "inaeleweka yenyewe". Jef Raskin, aliyeanzisha mradi wa Macintosh, alilimaliza suala hilo mwaka 1994 kwa hoja fupi: tunachokiita kueleweka chenyewe ni kile tulichokwisha kukizoea mahali pengine. Windows 8 ilipotoka 2012 bila kitufe cha Start, watu wenye uzoefu wa miaka mingi walijikuta wanatafuta njia ya kuzima kompyuta. Mwaka uliofuata, katika toleo la 8.1, kitufe kikarudi. Mtu asiyewahi kugusa kompyuta hakupoteza kitu. Aliyepoteza ni mzoefu, kwa kuwa kwake kujifunza kulianza na kusahau. Ndiyo maana kuandika "mshiriki, umri miaka 34, anatumia kompyuta" hakutoshi. Niambie alikuwa anatumia nini jana. Katika stoo yetu, mama alitoka kwenye programu ya zamani ambamo Hifadhi ndiyo ilikuwa ya kwanza na ya mwisho. Kidole chake kilikuwa sahihi kwa miaka kadhaa hadi sisi tulipofika.

Kuhusu dodoso sitakaa sana. Lile maarufu la John Brooke la mwaka 1986, lenye sentensi kumi na alama kutoka sifuri hadi mia, ni la haraka na lina kazi yake. Lakini mojawapo ya sentensi zake zinazogusa kujifunza inamtaka mtu akadirie kama watu wengi wangejifunza mfumo huu upesi. Watu wengi! Mtu aliyehangaika nusu saa atajibu kwa heshima kwamba ndiyo, wengine wangeweza, tatizo ni yeye. Nimelisikia jibu hilo mara nyingi mno, na karibu kila mara aliyelitoa hakuwa na tatizo lolote.

Kuna upande mwingine nauheshimu, nisionekane kama nahubiri urahisi. Douglas Engelbart, aliyeonyesha kipanya hadharani mwaka 1968, alitumia pia kibao cha vitufe vitano kwa mkono wa pili, ambacho kilihitaji mazoezi. Hakuona haya. Aliamini chombo chenye nguvu kinastahili kujifunzwa. Kihariri cha Vim, programu ya kuandikia inayoendeshwa kwa amri za kibodi, kiko kwenye ukoo huo. Mwaka 2017 Stack Overflow, mtandao ambapo waandika programu huulizana maswali, ulitangaza kwamba swali la jinsi ya kutoka kwenye Vim lilikuwa limetazamwa zaidi ya mara milioni moja. Kutoka tu, kabla hata ya kuandika. Hata hivyo wapo wanaokitumia kila siku kwa miaka na hawabanduki. Kwa kipimo cha siku ya kwanza Vim ni msiba, ila kwa mwaka wa tatu baadhi ya watu watakuambia vingine ndivyo msiba.

Basi swali la tathmini haliwezi kuwa "ni rahisi?" bila kutaja nani, mara ngapi, na kwa malipo gani baadaye. Pia kuna vitu vidogo vinavyounganisha mwanzo na umahiri, navyo havipimwi kabisa. Fungua menyu ya kuhariri kwenye programu nyingi za kompyuta: kando ya neno Nakili pameandikwa Ctrl+C. Mgeni anabofya neno. Kila akibofya analiona dokezo, mpaka siku moja mkono wake unaenda wenyewe kwenye kibodi. Hakuna aliyemfundisha. Simu nyingi hazina dokezo la namna hiyo: ishara za vidole zimefichwa, ukizigundua ni kwa ajali au kwa kuoneshwa na mtoto. Ukitaka kujua kama kiolesura kina njia ya kupanda, hesabu baada ya mwezi ni wangapi wamegundua njia fupi bila kuambiwa. Mara nyingi jibu ni sifuri, wakati ripoti ya siku ya kwanza inang'aa.

Kwenye programu ya stoo, wasanifu walikubali kubadilisha jambo moja: Hifadhi haikubali kubofywa mpaka Thibitisha ikamilike, na chini yake yanatokea maneno matano yanayoeleza kwa nini. Mengine yakaahirishwa kwa toleo lijalo, kama ilivyo ada. Safari hii sikubeba saa. Nilipita baada ya wiki sita, nikasimama mlangoni kwanza kutazama pembeni mwa skrini kabla ya kusalimia. Karatasi ilikuwapo bado, kona zake zimejikunja. Mstari wa tano ulikuwa umekatwa kwa wino mwekundu. Ile sita mingine ilikuwa inasomeka vizuri.